Kabla hujaondoa draiva, fungua ukurasa wa printa

Printa ya ofisi ikigoma, iwe ni kwenye kampuni ya utalii kule Njiro, Arusha, au kwa mhasibu wa shule Moshi, kitu cha kwanza kinachofanyika ni kuondoa draiva, ile programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na printa, na kuiweka upya. Mara nyingine inakubali, ndiyo maana tabia hii haifi. Inakubali kwa sababu nyingine kabisa: ukiweka draiva upya, kompyuta inaitafuta printa upya na kuikuta kwenye anwani yake mpya, yaani namba inayoitambulisha kwenye mtandao. Umeme ukikatika tena Alhamisi mnarudi palepale, na fundi analipwa mara ya pili kwa kazi ileile.

Kasoro nyingi za printa ya mtandao haziko kwenye kompyuta. Ziko kwenye printa, na printa ina mahali pake pa kurekebishiwa: kurasa za wavuti zilizohifadhiwa ndani yake, zinazofunguka kwa brauza yoyote, hata ya simu, ilimradi simu hiyo iko kwenye Wi-Fi ya ofisi. Hazili bando, maana hazitoki nje ya rauta. HP wanaziita Embedded Web Server, Kyocera ni Command Center RX, Canon ni Remote UI, Brother ni Web Based Management, Epson ni Web Config, Ricoh ni Web Image Monitor. Majina ni mengi, kazi ni moja, na menyu zinafanana kiasi kwamba ukizoea moja hupotei kwenye nyingine.

Kuipata anwani

Njia ya uhakika ni kuiuliza printa yenyewe. Kwenye kioo chake ingia menyu ya ripoti uchape ukurasa wa mtandao: HP ni "Configuration Report", Kyocera ni "Status Page", Brother ni "Network Configuration". Tafuta mstari wa IPv4, utakuta namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, mfano 192.168.1.20. Andika namba hizo kwenye mstari wa juu wa brauza, si kwenye kisanduku cha kutafutia cha Google. Karatasi hiyohiyo ina anwani ya MAC, utambulisho wa kudumu wa kifaa, yenye herufi na tarakimu kumi na mbili. Usiitupe, utaihitaji muda si mrefu.

Anwani ikianza na 169.254, usihangaike nayo. Maana yake printa iliomba anwani kwa rauta, ikakosa jibu, ikajipachika yenyewe. Huenda kebo imelegea au swichi ya mtandao imezima. Lakini sababu ya kwetu hasa ni umeme: ukirudi, printa ndogo inawahi kuwaka kabla rauta haijamaliza kujipanga, inaomba anwani wakati hakuna wa kuigawia. Izime, subiri taa za rauta zitulie, kisha iwashe. Ikionyesha 0.0.0.0, haijaungana na mtandao kabisa. Anza na kebo au neno la siri la Wi-Fi.

Ukifungua ukurasa kwa https, brauza itapiga kelele kwamba muunganisho si salama. Hapo hakuna ajabu. Cheti kimetolewa na printa yenyewe na hakuna mtu wa nje aliyekithibitisha. Kama anwani umeisoma kwenye karatasi iliyotoka kwenye printa yako, bonyeza "Advanced" uendelee. Suala ni tofauti pale brauza inapokataa kata kata bila kukupa kitufe cha kuendelea: printa za zamani zinajua TLS 1.0 tu, toleo la zamani la ulinzi wa https, na Chrome na Firefox ziliacha kuikubali mwaka 2020. Jaribu anwani ileile ukianza na http:// bila s. Ikifunguka, angalia kama kuna fimwea mpya, ile programu ya ndani ya printa.

Anwani isiyohama

Hapa ndipo penye nusu ya malalamiko yote. Rauta haigawi anwani moja kwa moja, inakodisha kwa muda. Printa ikizimwa wikiendi ndefu ya Pasaka, ikiwaka inaweza kupewa nyingine. Kompyuta zinaendelea kutuma kazi kwenye namba 23 wakati printa imehamia 31, na Windows inaandika "Offline" huku printa inawaka taa ya kijani mbele ya macho yenu.

Njia nzuri kuliko zote ni kuiambia rauta, si printa. Ingia kwenye ukurasa wa rauta, tafuta "Address Reservation" au "DHCP Reservation", andika ile anwani ya MAC na namba unayotaka printa iwe nayo daima. Angalia jambo moja: printa yenye Wi-Fi na tundu la kebo ina anwani mbili za MAC, kila njia na yake. Ukihifadhi ya Wi-Fi halafu ukachomeka kebo, kazi ni bure.

Njia ya pili ni kuandika anwani kwa mkono kwenye ukurasa wa printa. Nenda "Network", kisha "TCP/IP", badilisha kutoka "DHCP" au "Auto" kwenda "Manual". Kuna nafasi nne za kujaza. Anwani iwe nje ya kundi ambalo rauta inagawa. Kama rauta inagawa kuanzia 100 hadi 199, ipe printa 192.168.1.20. Mask ni 255.255.255.0. Gateway ni anwani ya rauta. DNS, inayogeuza majina ya seva kuwa namba, ni anwani ya rauta pia, au 8.8.8.8. Wengi wanajaza mbili za kwanza na kuacha nyingine wazi, kwa kuwa kuchapa kunakwenda vizuri bila hizo. Miezi mitatu baadaye mtu anataka kuskani kwenda kwenye barua pepe, printa inasema haioni seva, na hakuna anayekumbuka ile DNS iliyoachwa tupu. Ukibonyeza "Apply" ukurasa utaganda. Printa imehama tu. Andika anwani mpya.

Kisha inakuja siku ofisi inabadilisha kampuni ya intaneti. Rauta ya zamani ilikuwa 192.168.1.1, mpya ni 192.168.100.1, au 192.168.8.1 kama ni kile kiboksi cha Huawei cha laini ya simu. Printa yenye anwani ya kuandikwa inabaki mtaa wa zamani, kompyuta zote zimehamia mtaa mpya, hakuna anayemwona mwenzake. Chukua laptop, zima Wi-Fi yake, iunganishe na printa kwa kebo moja kwa moja, uipe laptop anwani 192.168.1.50 na mask 255.255.255.0, gateway acha wazi. Fungua 192.168.1.20, badilisha printa iende DHCP au anwani ya mtaa mpya. Ukimaliza irudishe laptop kwenye "Automatic", la sivyo kesho utalalamika intaneti haipo. Kwa maoni yangu, ofisi yenye printa mbili, kamera za ulinzi na mashine ya mahudhurio, zote zikiwa na anwani za kuandikwa, isihangaike na yote hayo: badilisha anwani ya ndani ya rauta mpya ifanane na ya zamani. Unagusa kifaa kimoja badala ya sita.

Upande wa Windows kuna mambo mawili tu. Kwenye sifa za printa, ukurasa wa "Ports", ukiona imeandikwa WSD, njia ya Windows ya kuitafuta printa yenyewe, ongeza "Standard TCP/IP Port" yenye anwani ya printa na uitumie hiyo. WSD ni kawaida kupotea baada ya printa kulala. La pili: printa inafunguka vizuri kwenye brauza, lakini Windows inang'ang'ania "Offline". Windows huuliza hali ya printa kwa lugha ya mtandao iitwayo SNMP, kwa jina la "public". Kama SNMP imezimwa au jina limebadilishwa kwenye printa, swali linakosa jibu na Windows inahitimisha kwamba printa imezima. Bonyeza "Configure Port", ondoa tiki kwenye "SNMP Status Enabled".

Kuhusu UPS, ile betri inayoshikilia umeme ukikatika: chomeka humo rauta na swichi, printa ya leza usichomeke. Fyuza, ile sehemu inayoyeyusha tona (wino wa unga) kwenye karatasi, inavuta umeme mwingi kwa mkupuo kila inapopasha, kwa nyingine karibu kilowati nzima. UPS ya 650VA inabeba kama wati 360 hadi 390, haiwezi.

Mwinuko

Jambo hili mafundi wengi hawaligusi, na Arusha linahusu moja kwa moja. Mji uko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Printa ya leza inachapa kwa umeme tuli wa volti nyingi: dramu, ile silinda ya ndani, inachajiwa, tona inavutwa kwenye dramu, halafu inavutwa tena kutoka kwenye dramu kwenda kwenye karatasi. Kadiri unavyopanda mlima hewa inakuwa nyepesi, na umeme unaruka kwa urahisi zaidi kwenye hewa nyepesi. Chaji inavuja pasipotakiwa, na kwenye karatasi unaona vidoa vidogo, hasa kwenye sehemu zilizojaa weusi kama nembo au picha ya pasipoti.

Watengenezaji wanalijua hilo na wameweka setingi yake, "Altitude Adjustment". Kwenye printa za Samsung zenye ukurasa wa SyncThru, "Normal" ni hadi mita 1,000, "High 1" ni mita 1,000 hadi 2,000, "High 2" ni hadi 3,000. Kyocera nazo wanagawa kwa namna hiyo. Kutoka kiwandani zinakuja "Normal", na fundi akishaona ukurasa wa majaribio umetoka, anaondoka. Arusha weka ngazi ya kwanza juu ya kawaida. Moshi mjini, chini ya mita 1,000, acha ilivyo. Lakini shule au zahanati ya Marangu imeshavuka mstari huo. Usipandishe zaidi ya mwinuko wako kwa kudhani ukizidisha itang'aa zaidi. Usipoiona setingi kwenye brauza, iangalie kwenye kioo, sehemu ya marekebisho. Si kila modeli inayo.

Kabla hujaulaumu mlima, shika rula. Alama inayojirudia kwa umbali uleule kutoka juu hadi chini ya karatasi ni kitu kinachozunguka. Kwenye printa nyingi ndogo za HP dramu ina mzunguko wa milimita 75 hivi, kwa hiyo doa linalorudi kila sentimita saba na nusu ni dramu yenye mkwaruzo, na hakuna setingi itakayoliondoa. Ukungu wa kijivu uliosambaa karatasi nzima, mara nyingi ni tona ya kujaza isiyofaa au kikwanguo cha ndani ya katriji kilichochoka.

Karatasi ya Wamarekani

Wakala wa safari aliyeko Marekani akituma orodha ya wageni, faili limepangwa kwa karatasi ya Letter, milimita 216 kwa 279. Printa ina A4, milimita 210 kwa 297. Inasimama na kuandika "Load Letter", foleni inajaa nyuma yake, watu wanadhani karatasi zimekwama. Kwenye ukurasa wa printa weka trei kuwa A4, aina ya karatasi "Plain", saizi ya kawaida A4, kisha tafuta maneno "A4/Letter Override" uwashe. Kuanzia hapo printa inachapa Letter kwenye A4 bila kuuliza. Kwa ofisi za utalii ningeanza na setingi hii kabla ya nyingine zote za karatasi.

Kuskani kwenda barua pepe na folda

Barua pepe inahitaji seva, mlango (port, namba ya njia ya mawasiliano), akaunti na neno la siri. Kwa Gmail seva ni smtp.gmail.com, mlango 587 na STARTTLS, au 465 na SSL. Neno la siri la kawaida halitakubaliwa. Google walifunga njia hiyo mwishoni mwa Mei 2022. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye akaunti, kisha tengeneza "App password" ya herufi 16. Google wanaionyesha katika mafungu manne yenye nafasi katikati. Kwenye printa iandike bila nafasi. Fungua akaunti ya printa peke yake, usitumie ya bosi. Sababu inakuja chini.

Vinavyoharibu ni vilevile kila siku. DNS tupu, nimeshaitaja. Saa ya printa ni ya pili: ikidhani tupo mwaka 2015, cheti cha Google kinaonekana bado hakijaanza kutumika na muunganisho unakatwa. Washa SNTP, inayorekebisha saa kupitia mtandao, na kwenye orodha ya majira chagua Nairobi, GMT+3, saa za kiangazi zizimwe. Cha tatu ni ukubwa. Gmail mwisho wake ni MB 25, na faili likipakiwa kwenye barua pepe linanenepa kwa karibu theluthi, kwa hiyo skani ya MB 20 inarudi. Nyaraka za kawaida weka dpi (kiwango cha ukali wa picha) 200, nyeusi na nyeupe. Kurasa za pasipoti, dpi 300 kwa rangi zinatosha.

Folda ina vikwazo vingine. Kwenye kompyuta tengeneza mtumiaji wa kawaida, tuseme "skana", mwenye neno la siri halisi. PIN ya kufungulia Windows si neno la siri, printa haiwezi kuitumia. Tengeneza folda, ishirikishe, na umpe mtumiaji huyo ruhusa ya kuandika mahali pawili, kwenye "Sharing" na kwenye "Security". Ukisahau mojawapo, printa inaingia lakini haiandiki. Mtandao wa kompyuta uwe "Private". Kwenye printa andika anwani ya kompyuta, jina la folda, jina la mtumiaji, mlango 445.

Ikikataa bado, angalia umri wa printa. Printa za zamani zinaongea toleo la kwanza tu la SMB, lugha ya kushirikishana mafaili kwenye mtandao, na Windows 10 iliacha kuliweka kuanzia toleo la 1709 la mwaka 2017. Mafundi wengi wanalirudisha kwenye Windows na kazi inaisha. Mimi siungi mkono, kwa sababu ndiyo njia aliyopitia virusi wa WannaCry mwaka huohuo wa 2017. Kwanza tafuta fimwea mpya ya printa, ikikosekana tumia FTP, njia nyingine ya kutuma mafaili, kwenye kompyuta ya ndani, au skani kwenye flashi. Windows 11 Pro toleo la 24H2 imeongeza sharti lingine, kila mawasiliano ya SMB yawe na sahihi, kwa hiyo printa iliyokuwa inaskani vizuri inaweza kugoma asubuhi ya baada ya apdeti bila mtu kugusa chochote.

Nani anaweza kuingia

Kyocera nyingi za zamani zinafunguka kwa jina Admin na neno Admin. Ricoh ni admin bila neno lolote. Brother za zamani ni initpass au access. Maneno haya yamo kwenye vitabu vya maelekezo, kila mtu anayajua, na printa nyingi za mjini hazijawahi kubadilishwa. Brother mpya zina neno tofauti kwa kila printa, limeandikwa kwenye kibandiko cha nyuma baada ya "Pwd", lakini Juni 2025 kampuni ya usalama ya Rapid7 ilitangaza kwamba neno hilo linaweza kukokotolewa kutoka kwenye namba ya utambulisho ya mashine, yaani serial. Modeli 689 za Brother zimeguswa, na kwa zilizokwisha kutengenezwa fimwea haiwezi kulifuta kabisa kosa hilo. Dawa ni kubadilisha neno la siri mwenyewe.

Kwa nini mtu ahangaike na printa ya watu? Kwanza kuna orodha ya kazi. Kwenye "Job Log" majina ya mafaili yanasomeka, na faili liitwalo mishahara_Juni halihitaji kufunguliwa ili lizue maneno ofisini. Lakini kubwa ni neno la siri la barua pepe. Kwenye ukurasa limefichwa kwa nukta. Anayeingia kama msimamizi anabadilisha jina la seva ya kutuma barua pepe (SMTP) kuwa anwani ya laptop yake, anabonyeza "Test", na printa inampelekea neno la siri kwa mikono yake yenyewe. Ndiyo sababu ya akaunti ya pembeni, na ndiyo sababu ya neno jipya la msimamizi.

Zima usichotumia: Telnet, FTP ya kupokea kazi, AppleTalk, na Wi-Fi Direct. Hii ya mwisho inaonekana kwenye simu kama mtandao unaoanza na DIRECT, na kwenye HP nyingi neno lake la kiwandani ni 12345678. Mtu aliyekaa kwenye mgahawa wa chini anaweza kuchapa kwenu. Usifungue mlango wa printa kwenye rauta ili bosi achape akiwa Dar. Novemba 2018 mtu mmoja alituma karatasi za matangazo kwenye printa zipatazo 50,000 duniani, zote zikiwa zimeacha mlango 9100 wazi kwa intaneti.

Kuna kichujio cha IP pia, kinachoruhusu kompyuta chache tu. Kitumie kwa adabu: ukiandika vibaya kundi la anwani zinazoruhusiwa unajifungia nje, na kurudi ndani ni kufuta setingi zote za mtandao kwenye kioo cha printa.

Tona, hesabu na misimbo ya watu

Asilimia ya tona unayoiona kwenye ukurasa kwa kawaida ni hesabu ya chipu, hakuna mzani uliopima. Katriji iliyojazwa tena ikiwa na chipu ileile itasoma sifuri hata ikiwa imejaa. Kwenye HP tafuta "Supply Settings", pale penye "Very Low" weka "Continue", printa itaendelea hadi weusi upauke wenyewe. Hapohapo kuna "Cartridge Protection". Usiiwashe bila kuelewa: katriji halisi ya HP itakayowekwa wakati imewashwa inafungwa kwenye printa ile moja kwa moja, na kuizima baadaye hakuifungui. Steshenari inayotegemea tona za kujaza izime pia apdeti za kujiendesha, kwa sababu kwa modeli nyingi apdeti ndiyo inayoanza kukataa chipu zisizo za HP. Gharama yake ni kwamba matundu ya usalama hayazibwi yenyewe, kwa hiyo printa kama hiyo isikae kwenye Wi-Fi moja na wateja.

Idadi ya kurasa iliyoandikwa kwenye boksi, mfano 1,600 kwa HP 85A, imepimwa kwa ukurasa wenye wino asilimia 5 hivi, yaani barua fupi. Nakala za vitambulisho zenye kivuli cheusi pembeni zinakula mara kadhaa ya hapo. Andika namba ya kaunta siku unayoweka tona mpya, andika tena siku inapoisha, gawa bei kwa tofauti. Hiyo ndiyo bei yako ya ukurasa, si ya kwenye boksi. Kaunta hiyohiyo ndiyo ya kudai kuona unaponunua printa ya mtumba. Ganda linaweza kung'arishwa, kaunta ya injini ni ngumu kuidanganya. Fungua na "Event Log": kwenye HP misimbo ya 13 ni karatasi kukwama, ya 50 ni fyuza. Safu ndefu ya 13 ndani ya kurasa mia chache ni roli zilizochakaa, kitu cha bei ndogo. Safu ya 50, punguza bei sana au mwachie muuzaji.

Shuleni na kwenye ofisi zenye watu wengi, washa misimbo: Kyocera wanaiita "Job Accounting", Canon "Department ID Management", Brother "Secure Function Lock". Kila idara inapewa namba na kikomo cha kurasa kwa mwezi. Weka namba hiyo pia kwenye draiva ya kila kompyuta. Usipofanya hivyo kazi zinatumwa, printa inazifuta kimya, na utasikia "printa imeharibika" jengo zima. Wakati wa mitihani ongeza kikomo cha idara ya taaluma siku moja kabla, si saa walimu wamesimama mstarini.

Printa inapoondoka

Ukimaliza kupanga, hifadhi setingi kwenye faili kupitia "Backup" au "Export", pamoja na kitabu cha anwani za skani. Bodi ikiungua kwa umeme kuzidi, kurudisha ni dakika chache badala ya siku nzima ya kuandika upya anwani za watu arobaini.

Printa ikiuzwa au ikirudishwa kwa aliyeikodisha, kurudisha setingi za kiwandani kwenye kioo hakutoshi kwa mashine kubwa zenye diski ndani. Humo kuna picha za kazi zilizopita, na kwa ofisi ya Arusha hizo ni pasipoti za wageni, ambazo ziko chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwenye sehemu ya usalama tafuta chaguo la kufuta diski kwa kuandika juu yake, lianzishe jioni, acha printa ikiwaka usiku kucha kwa kuwa huchukua saa kadhaa, na asubuhi chapa ripoti ya kukamilika kabla hujachomoa waya.